Gamba la Masizi

Wewe, umewahi kusikia kiko kikivutwa saa saba mchana, dukani mlango umefungwa, na hakuna mdomo uliokishika? Digrii alisikia. Na kabla ya siku hiyo hakuwa akiamini hata utabiri wa mvua.

Jina hilo alibandikwa na mjomba wake. Binti alisoma kemia, akatembeza sivii miaka minne mpaka soli zikaisha, na kila intavyu wakamwambia hana ekspiriensi, as if ekspiriensi inauzwa sokoni. Mwishowe mjomba akamweka kwenye duka lake la viko, akamfundisha kazi. Tumbaku iliyokatwa nyembamba kama nyuzi huungua upesi. Ipe kiko chenye bakuli refu, jembamba. Ile nzito ya vipande vipana inataka bakuli fupi lenye kifua, ipate kupumua. Na ile tamu usiitie kamwe kwenye kiko kilichozoea chungu.

"Kiko kinakumbuka," mjomba alisema. "Ukikichanganyia, kinakununia."

Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kimoja kisichouzwa: kifupi, kipana, na ndani gamba la masizi nene kama ukoko wa chungu kilichosahauliwa motoni. Kila jioni mjomba alikijaza tumbaku nyeusi, hakukiwasha, akakirudisha. Asubuhi kilikuwa kitupu.

"Panya," Digrii alisema.

"Haya, panya."

"Mjomba, panya gani anakula tumbaku?"

"Aliyesoma kemia. Jaza tu, mama. Mwenye jengo alinikabidhi hiki pamoja na funguo, akasema nijaze. Mwaka wa kumi na tisa huu, najaza."

Basi ndiyo jobu diskripsheni hiyo. Jaza tu. Ukiuliza, unajifanya msomi.

Siku mjomba alipokwenda kupimwa kifua, Digrii akaamua kuonyesha alichosomea. Akakishusha kiko kile, akakwangua gamba lote kwa kisu mpaka mti ukaonekana mwekundu, akakiosha kwa spiriti, akakijaza tumbaku tamu yenye harufu ya asali, akakiweka dirishani. Kilimeremeta. Akajipiga picha nacho.

Asubuhi yake, ile tumbaku tamu ilikuwa juu ya kioo cha dirisha, imelowa, imetafunwa, imetemwa. Na duka zima lilinuka tumbaku nyeusi, ingawa kopo lake lilikuwa limefungwa. Digrii akapangusa kioo kabla mjomba hajaja.

Mchana mvua ilipiga, wakafunga mlango wale chakula. Hapo ndipo ilipoanza. Pf. Kimya. Pf.

"Unavuta, mjomba?"

"Nilivuta miaka arobaini, nimeacha mwaka wa sita huu, unajua."

Sauti ikatoka dirishani, ikapanda rafu ya chini, ikaonja kiko cha kwanza, kikaanguka kifudifudi, ikaonja cha pili, nacho kikaanguka, ikaja polepole kama mteja asiye na haraka, ikikataa virefu, ikikataa vyembamba, ikikataa hata vile vipana kwa kuwa vilikuwa vipya na ndani havikuwa na kitu, na kila kilipoanguka kimoja ile harufu nyeusi ilizidi kuwakaba, mpaka rafu zikaisha, sauti ikashuka sakafuni, ikafika nyuma ya kiti cha mjomba, ikatulia.

Mjomba akakohoa. Moshi ukamtoka puani.

"Kile kiko umekifanya nini?" akanong'ona.

"Nimekisafisha."

"Gamba umelitoa?"

"Lilikuwa uchafu tu, mjomba."

"Lilikuwa kitanda chake, mwanangu."

Pf, ikasikika. Safari hii ndani ya fulana ya mjomba. Digrii akaelewa, na akatamani asingeelewa: kitu kilichofukuzwa kilitafuta bakuli fupi, pana, lililopakwa masizi ya tumbaku nyeusi kwa miaka arobaini. Dukani lilikuwa moja tu, na lilikuwa limevaa fulana.

Kila pf ilimpunguzia mjomba pumzi. Kufika jioni midomo yake ilikuwa ya kijivu. Digrii hakuwa amevuta hata sigara maishani, lakini alichukua kile kiko alichokikwangua, akakijaza tumbaku nyeusi, akawasha. Gamba hujengwa kwa kuvuta, hakuna njia nyingine. Akavuta, akatapika kwenye ndoo, akajaza tena. Siku nane. Kila liliponenepa gamba, mjomba alipata pumzi kidogo. Siku ya tisa aliketi, akaomba uji, akalalamika hauna sukari. Akaweka kiganja kifuani. Kimya.

"Kimerudi kwake," akasema. "Umeniokoa, mama."

Wakajaza kiko, wakakipandisha rafuni, wakafunga duka.

Asubuhi kilikuwa kimejaa vilevile. Hakuna aliyekigusa.

Digrii akasimama pale na kopo mkononi. Pf. Akamtazama mjomba. Mjomba alikuwa akimtazama yeye, kifuani. Binti akafungua mdomo aseme, na moshi ukatangulia. Siku nane zile zilikuwa zimejenga magamba mawili.

Wakampigia mwenye jengo. Akacheka kidogo. "Mlikwangua? Kwani sikuwaambia? Ah, ningewaambia, nani angepanga? Jazeni tu."

Mwenye jengo, kama hadithi hii imekufikia, sikia basi. Ulijua kilichomo, ukatoa funguo, ukafunga mdomo. Binti wa watu anapumua nusu nusu. Usitume mtu, usipige simu. Njoo mwenyewe, kaa kwenye kile kiti, ujaze, uvute siku nane, mpaka kikutambue. Una kifua kipana. Kitakuenea.