Sufi Kwenye Nyufa za Mashua

Kila Jumamosi asubuhi Mauwa na baba yake, Mzee Fakihi, walitoka Temeke kwenda pwani ya Mtoni kuitunza mashua yao. Baba alikuwa seremala, lakini tanga likishika upepo alicheka peke yake kama mtoto. Mwaka ule wa 1951 bei ya kitambaa cha tanga ilipanda, kamba zikapanda, hata misumari.

"Chombo chako kinakula kuliko sisi sote," mama alisema.

"Kikizidi, nitakiuza," baba alijibu kwa unyonge.

Maneno hayo yalimchoma Mauwa. Alipotumwa kununua pamba ya kuzibia nyufa za mashua, alinunua nusu tu. Kisha akafumua mto wake wa kulalia, akatoa sufi, akaichanganya na ile pamba.

"Pamba imeshuka bei, baba," alisema, akirudisha chenji.

"Alhamdulillahi! Una mkono wa baraka, mwanangu." Siku hiyohiyo baba akaigongomea yote katikati ya mbao.

Jumamosi iliyofuata walitweka tanga. Ufuko ulipokuwa mbali, Mauwa alihisi maji vidoleni. Akayamwaga nje kwa kopo. Yakarudi.

"Ajabu," baba alisema. "Pamba ikilowa hufura, ikabana. Leo ina nini?"

Mauwa aliinamia kopo lake. Mbele maji, nyuma maji, na uso wa baba uko palepale. Akisema, mashua itauzwa. Akamwaga tena. Maji yakafika vifundoni.

"Baba, geuza! Nusu ni sufi, ya mto wangu!"

Baba alimtazama kidogo, akageuza usukani. "Mwaga, usipumzike!"

Mashua ilipogusa mchanga, baba alichomoa kipande cha sufi kwenye ufa, akakipasua. Ndani kilikuwa kikavu.

"Unaona? Sufi haifuri. Hilo hukulijua, wala sikukufundisha. Lakini bei uliijua."

"Niliijua, baba. Nisamehe. Niliogopa utaiuza."

"Nia yako njema. Uongo wako ndio uliotaka kutuzamisha."

Wiki ile baba alizungumza na jirani yao Kasimiri, aliyetamani chombo siku nyingi. Wakakubaliana kuimiliki mashua pamoja na kugawana gharama. Kisha baba akampa Mauwa nyundo na pamba tupu.

"Ukiwa na hofu, mwanangu, niambie tungali nchi kavu. Huku tunaweza kutafuta njia. Kule tuna kopo tu."