Dole Gumba la Bi Ibidun

Jumamosi ya kumchagua gavana wa jimbo letu ilianza kwa amani. Bi Ibidun alitwanga viazi vikuu, akala na mwanawe Akinwale, kisha wakaongozana kituoni. Akinwale alikuwa wakala wa chama tawala. Nyumba waliyokaa aliijenga yeye, na hakuchoka kutukumbusha.

Jirani zangu, mlikuwepo. Jioni karani aliinua kura moja moja, nasi tukahesabu kwa sauti kama kawaida. Katikati ya kura za upinzani Akinwale akaacha kuhesabu. Kwetu kura hupigwa kwa dole gumba lenye wino, na alama kwenye karatasi ile ilikuwa imekatwa na mstari, na mtaa mzima unalijua kovu la dole gumba la Bi Ibidun, alilolipata alipojikata akimenya muhogo. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Chama cha Akinwale kilishindwa pale kituoni, kikashinda jimbo zima. Matokeo yalipotangazwa, badala ya kufurahi, alitupa masanduku ya mama yake uani.

"Umeniaibisha mbele ya watu, mama."

"Nimepiga kura tu. Zahanati haina dawa mwaka wa pili huu. Ulitaka niwapongeze?"

"Basi kalale kwa huyo uliyempa."

"Nitakwenda. Ila usije ukanifuata."

Binti wa Bi Ibidun, Morenike, akaja kumchukua. Sisi tulichungulia madirishani, hakuna aliyetoka. Akinwale akashona agbada mpya, lile joho letu pana la sherehe, akisubiri cheo. Gavana alipotaja wateule wake, jina lake halikuwemo, hata kwenye ulinzi wa geti. Hapo ndipo mpumbavu yule alipokumbuka kwamba ana mama.

Alikwenda kwa Morenike, akalala kifudifudi mlangoni, kama wanaume wetu wanavyowasalimu wazazi.

"Mama, nisamehe. Turudi nyumbani."

"Inuka, kijana, utachafua nguo. Unamtafuta nani?"

"Mama Akinwale."

Ndivyo tulivyomwita Bi Ibidun kwa miaka arobaini.

"Hapa hakai," akasema. "Mimi ni Mama Morenike."

Akafunga mlango. Mpaka leo haujafunguliwa.

FUNZO

Kura ya mzazi wako ni yake. Kumpa chumba hakukupi haki ya kumchagulia. Gavana anakaa miaka minne na hakujui. Ukimfukuza mama kwa ajili yake, utabaki huna gavana wala mama. Nasi tuliochungulia madirishani tusijifanye wema: tulimwona mama wa watu akifukuzwa, tukanyamaza.