Kalunguyeye Aliyekohoa

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi za shule. Mama mkwe wake akamwita kutoka bustanini.

"Mwanangu, njoo uone! Nimepata mgeni mwenye miba."

Mgeni huyo alikuwa kalunguyeye, mnyama mdogo anayejikunja kama mpira. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Kalunguyeye alikuwa akiyumba kando ya bomba, huku akikohoa. Kati ya miba yake walijaa kupe walionona kama kunde.

Mama mkwe alimweka katika kikapu cha vitambaa, akampa maziwa. Fundi akaleta mafuta ya taa.

"Nitawamwagia hao kupe. Watanikoma!"

"Weee! Utammaliza mnyama mwenyewe. Tumwite jirani."

Jirani yao alikuwa daktari wa mifugo. Alivaa glavu, akaondoa maziwa.

"Haya yatamharisha. Mpeni maji. Na mafuta ya taa yatamuunguza ngozi."

Fundi akaificha chupa mgongoni.

"Mbona anakohoa, daktari?"

"Kalunguyeye hutembea usiku. Ukimwona mchana anayumba, ujue anaumwa. Nadhani ana minyoo ya mapafu. Huipata kwa kula konokono. Nitapima choo chake. Na kupe wanamnyonya damu, ndiyo maana hana nguvu."

"Maskini! Nami nimemshika kwa mikono mitupu," mama mkwe akashtuka.

"Minyoo hiyo haiambukizi watu. Lakini kupe na viroboto wanaweza kukuhamia, na ngozi yake inaweza kukupa choa. Nawa kwa sabuni, mama. Vitambaa vichemsheni. Ukipata homa au vipele, nenda zahanati."

Daktari alishika kila kupe kwa kikoleo, karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole bila kumminya tumbo. Fundi alihesabu thelathini na saba.

Vipimo vilionyesha minyoo kweli. Daktari alikaa na mgonjwa wake kliniki, akamchoma sindano za dawa. Baada ya wiki tatu alimrudisha jioni moja, mzito, anapumua vizuri.

Safari hii mama mkwe alivaa glavu. Alimweka chini taratibu. Kalunguyeye alinusa hewa, akatimua mbio hadi kwenye ua wa michongoma, akatokomea.

"Makubwa!" mama mkwe akasema, mikono kiunoni. "Hata kuaga hajaaga!"

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka.