Herufi Ndogo za Gunia

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Ninalisema mapema ili usihangaike kumtafuta miongoni mwa watu wazima, ingawa nao, kama utakavyoona, hawakuniachia uwanja peke yangu.

Waliniita Profesa. Si kwamba nilijua mengi. Nilisoma kwa sauti na bila kukwama, na mahali ambapo wakubwa wengi hawakupata kwenda shule, mtoto wa darasa la sita anayesoma bila kukwama tayari ni mheshimiwa. Ikija barua, ikibandikwa karatasi mlangoni mwa ghala, jirani akipewa dawa asijue atameza ngapi, utasikia, "Mwiteni Profesa!" Nami nilikuja taratibu, mikono nyuma, suruali imetoboka magotini, kama mtu aliyeitwa kutoka kwenye mkutano muhimu.

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi zote. Nilifagia uwanja, nikafungua banda la kuku, nikaenda kisimani. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini, kijiko cha bati mkononi. Tulimwita Kijiko kwa sababu hiyo hiyo. Aliamka nacho na kulala nacho, ili chakula kikitokea kisimkute hajajiandaa. Miezi ile alikibeba bure. Mikono yake ilikuwa myembamba kiasi kwamba bangili ya shanga aliyovaa ilipanda mpaka begani na kushuka yenyewe.

Njaa yetu haikutoka kwa jua. Mvua ilinyesha, tena nzuri. Ila kabla haijaanza, watu wa ofisi ya kilimo walitangaza kwamba mwaka huu kila nyumba itapewa mbegu bora za mahindi, bure. Wakasema mtu asipande zile mbegu zake za zamani, za kuning'iniza juu ya moshi wa jikoni, kwa kuwa ndizo zinazoturudisha nyuma. Tukatii. Tukalima, tukasawazisha matuta, tukangoja. Wakati tunangoja tukazila zile mbegu za zamani, maana hazikuwa na kazi tena. Mvua ikanyesha, ikachoka, ikaenda zake. Matuta yakabaki yanatutazama.

Halafu ndipo lori likaja.

Bwana shamba alisimama juu yake akitoa magunia madogo, moja kwa kila nyumba. Wazazi waliweka dole gumba kwenye karatasi, dereva akapiga honi, likaondoka kwenda kijiji kingine. Hakuna aliyeelezwa lolote. Jioni redio ya shangazi, dada yake baba, ilitangaza kwamba ugawaji wa mbegu umefanikiwa na kilimo cha nchi kimekua. Shangazi alitoka, akaangalia shamba letu kushoto na kulia, akarudi.

"Labda kimekulia upande wa nyuma," akasema.

Mama aliliweka gunia pembeni mwa chumba, akalifunika kwa mkeka. Alitaka kulitunza mpaka mvua ijayo. Lakini baba alikuwa mbali akitafuta kibarua, na debe la unga lilikuwa limekung'utwa mpaka likatoa mlio wa ngoma. Asubuhi ile ninayoisimulia, shangazi aliingia na beseni kichwani.

"Wifi, leta na lako tuoshe," akamwambia mama. "Huko mtaani kila mtu anaosha."

"Ni mbegu hizo, wifi. Tena tazama zilivyo nyekundu."

"Rangi huoshwa! Kaka yangu alikuja kukuposa na viatu vilivyopakwa rangi. Viliponyeshewa vikabaki kijivu, na bado ulimchukua."

Mama akacheka. Hakuwa amecheka siku nyingi, na kicheko kile kilimlainisha. Akalivuta gunia mpaka mlangoni penye mwanga.

"Profesa, hebu njoo. Gunia linasemaje?"

Juu kulikuwa na herufi kubwa za kijani: MBEGU BORA, MAVUNO BORA. Chini yake kulikuwa na herufi ndogo, nyeusi, karibu na mshono. *Mbegu hizi zimepakwa dawa yenye sumu. Zisiliwe na binadamu wala mifugo.* Nilizisoma zote, kimya kimya, bila kukwama. Halafu nikatazama sufuria. Halafu nikamtazama Kijiko, ambaye alikuwa ameanza kugonga ukingo wa beseni la shangazi kwa kijiko chake, ngo, ngo, ngo.

Niliwaza kwa kasi, na nilivyowaza ni hivi: hiyo sumu ni ya wadudu. Mdudu ni mdogo, mtu ni mkubwa. Tena tutaosha. Tumbo lenye njaa ni wakili hodari, halikosi hoja.

"Imeandikwa, mbegu bora, mavuno bora," nikasema.

"Basi?" mama akauliza.

"Basi."

Shangazi akaenda kwake kuosha zake. Mama akamimina zetu kwenye beseni, akaanza kufikicha. Maji yakawa mekundu kama juisi, na Kijiko akafurahi sana. Alichovya mikono, akajipaka mashavuni, akajiita bibi harusi. Mama alimwaga maji yale uwanjani, akaweka mengine, akamwaga tena, na kila alipomwaga kuku wetu walikuja mbio kudonoa punje zilizochopoka. Maji yalipokuwa meupe tukaona kazi imekwisha, mahindi yakabandikwa jikoni.

Kijiko alipakuliwa wa kwanza, kama ilivyo haki ya mdogo. Nami nilipewa bakuli langu. Hapo nitakuambia jambo ambalo bado linaniuma kuliko uongo wenyewe. Sikula. Nilishika bakuli nikasema nangoja yapoe, huku nikimtazama mdogo wangu anavyotafuna, ili nione kama kitatokea kitu.

"Kaka hataki!" Kijiko akasema, mashavu yamejaa. "Nile yake?"

"Muulize mwenyewe," mama akasema.

Kijiko hakuuliza. Akaingiza kijiko chake kwenye bakuli langu, nami nikamwacha.

Alikula kwa furaha, akacheka, akanyamaza. Baadaye akashika tumbo na kutapika mlangoni. Mama akamfuta mdomo kwa kanga.

"Tumbo limesahau kazi yake," akasema kwa upole. "Njaa ndivyo ilivyo. Kula kidogo kidogo, mwanangu, litakumbuka." Akachota tena, akampelekea mdomoni. Kijiko akameza.

Uwanjani, kuku wetu mwenye vifaranga aliyumba, akapiga hatua za upande, akakaa chini. Akalaza shingo mchangani kama kamba iliyotupwa. Vifaranga wakamzunguka wakilia.

"Kuku amelewa!" Kijiko akasema, akijaribu kucheka. Mate mekundu yalimtoka, na mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka kijiko kikagonga meno. Mama alikuwa amekwisha kuchota tonge lingine.

"Mama, usimpe!" nikapiga kelele. "Ni sumu! Imeandikwa!"

Mkono wa mama ulisimama hewani.

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye gunia. Chini. Herufi ndogo."

"Ulizisoma?"

"Nilizisoma."

"Lini?"

"Uliponiuliza."

Shangazi alikuwa mlangoni, amekuja kuomba kaa la moto. Sufuria yake ya mbegu mbichi ilikuwa kiunoni. Aliitupa mbali kama nyoka, mbegu zikatawanyika, akaanza kuwafukuza vifaranga kwa kanga na kwa matusi.

Mama hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Alimfunga Kijiko mgongoni, akaniambia bila kunitazama, "Beba hilo gunia. Leo utalisoma lote."

Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa na kibaraza kirefu. Hatukuwa wa kwanza. Mzee mmoja alikuwa amejikunja kwenye benchi akishika tumbo, na pembeni yake watoto wawili wa fundi baiskeli walikuwa wamelala sakafuni, midomo yao myekundu kama wa Kijiko. Nesi alitoka mbio, kofia imepinda.

"Huyu naye amekula nini?"

"Mbegu," mama akasema.

"Za dawa gani?"

Nikamwonyesha gunia. Akalinyakua, akasoma jina la dawa karibu na mshono, akarudi ndani mbio. "Afadhali nyinyi mmeleta gunia!" akasema kwa sauti. "Wenzenu wameniletea matumbo tu!"

Tulikaa kibarazani. Ndani nilimsikia Kijiko akilia, halafu akilia kwa sauti ndogo, halafu sikumsikia. Mama aliinuka kila mara mlango ulipofunguliwa, na kila mara nesi alipita na ndoo au na mpira wa maji ya dawa. Nilimwuliza mara moja, "Atapona?"

"Ungeniuliza kabla hajala," akanijibu, akapita.

Jua lilipoinama nesi alituita. Kijiko alikuwa amelazwa, sindano ya maji mkononi, uso umepauka kama majivu. Alifungua macho, akamtafuta mama, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Yamebaki?"

Mama aliketi sakafuni akalia, akicheka hapo hapo.

"Anayeuliza chakula hafi leo," nesi akasema. Kisha akanigeukia. Alikuwa amechoka, na macho yake hayakuwa na huruma. "Wewe ndiye Profesa? Mama yako ameniambia ulivyofanya."

"Ndiyo, dada."

"Nyumbani kwenu nani mwingine anajua kusoma?"

"Hakuna."

"Basi wewe ni macho ya nyumba nzima. Mama yako alikukabidhi macho yake, nawe ukamwonyesha njia yenye shimo, ukasimama pembeni uone nani ataanguka. Ukweli ukiutoa nusu, mwanangu, ile nusu uliyoificha ndiyo inayoua. Siku nyingine ukiwa na njaa, lia. Kulia hakujamuua mtu."

Akanirudishia gunia, nikalikumbatia.

Nilikuwa nimetoka kibarazani pikipiki ilipoingia uwanjani. Bwana shamba aliendesha, nyuma amebeba ofisa kutoka ofisi kuu, mtu mnene mwenye miwani ya jua na begi la ngozi. Habari za wagonjwa zilikuwa zimewafikia. Ofisa hakuingia ndani. Alisimama kibarazani, akajifuta vumbi, akatutazama kama shamba lililojaa magugu.

"Mnapewa mbegu mpande, mnazila!" akaanza. "Serikali itafanya nini na watu kama nyinyi? Nchi inasonga mbele, nyinyi mnatafuna maendeleo!"

Bwana shamba alimnong'oneza akinionyesha kwa kidole. Sijui nani alikuwa amemweleza. Kijijini habari haihitaji pikipiki. Ofisa aliondoa miwani, uso ukachangamka.

"Kumbe! Njoo hapa, kijana. Hilo ni gunia lenu? Hebu soma. Kwa sauti, wote wasikie."

Nikamtazama mama pale mlangoni. Akaitika kwa kichwa.

Nikasoma. Nilisoma herufi kubwa, nikasoma na ndogo, mpaka pale palipoandikwa zisiliwe na binadamu wala mifugo. Ndani ya chumba mtoto wa fundi baiskeli alikuwa anatapika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilisoma nikikwama.

"Mmesikia?" ofisa akasema, akifungua begi. "Onyo lipo. Mtoto alilisoma, akalificha. Chanzo cha ajali tumekipata: mtoto mwongo. Ofisi haina kosa. Na nyumba zote zilizokula mbegu zitafutwa katika mgao ujao, iwe fundisho."

"Na sisi?" yule mzee akauliza kutoka kwenye benchi, bado amejikunja. "Kwetu hakuna anayesoma. Nani alitudanganya?"

Ofisa alijifanya hakusikia. "Tuondoke," akamwambia bwana shamba.

"Ngoja kidogo, baba," mama akasema.

Alitoka ndani polepole, rangi nyekundu bado imemkaa kwenye kucha. Aliniwekea mkono begani, na mkono ulikuwa mzito.

"Huyu ni mwanangu, na amedanganya. Deni hilo ni lake na langu, nitamfunza mwenyewe, na hatasahau. Usimbebeshe na lako."

"Langu lipi, mama? Sisi tuliandika!" ofisa akafoka, akigonga gunia kwa kidole. "Wazi kabisa! Kwa lugha mnayoielewa! Kwamba ni za kupanda, si za kula! Mlitaka tuandike nini tena, na wapi?"

"Mawinguni," mama akamjibu. "Mngeiandikia mvua iwasubiri."