Kofi la Kanyinda

Mwamba alirudi kutoka kujaribu gari peke yake, akaingia kuoga. Elise, mkewe, alipompelekea kitambaa akaona alama ya mkono kwenye paja lake la kuume: vidole vitano, vimevimba wazi.

"Nani amekupiga, Tata?"

"Moteri imeniunguza."

Tangu lini moteri ikaota vidole? Elise akarudi jikoni. Mwanamke aliyeolewa akijibu kila uongo, atapika saa ngapi?

Hilo gari, Peugeot 404 kuukuu kumshinda Elise mwenyewe, lilikuwa la jamaa nzima. Mwamba alishika usukani. Elise alisugua buji za kuwashia moteri na kukaza nati, kucha nyeusi hata siku ya misa. Kanyinda, mdogo wake Elise, alikaa kando ya dereva, kiti cha kuume, kumwonyesha njia. Na kwa kuwa moteri ile ililia kuliko matanga, hakusema kwa mdomo. Alimpiga shemeji yake pajani: kofi moja, kata kushoto, mawili, kuume, akibonyeza, simama. Mwamba alitii kabla hajafikiri. Ndivyo walivyozoea, kwenye mashindano ya magari, kuwashinda matajiri na magari yao mapya.

Kisha wenyeji wakaanza kufukuza watu wa Kasai, kama Elise na mdogo wake. Waliozaliwa Kolwezi, na baba zao wamezikwa Kolwezi, wakaambiwa warudi kwao. Elise akaachwa kwa kuwa ni mke wa mtu wa hapa. Kanyinda akajificha jikoni kwake, hadi Mwamba akamlaza kiti cha nyuma cha gari, akamfunika magunia, akaondoka naye. Jioni akarudi peke yake.

"Nimemuacha Lubudi, kwa shamba ya rafiki yangu Kabongo. Usilie, iko muzima."

Tangu siku ile, hakuna habari. Na sasa, mashindano yakikaribia, gari likaanza kunuka: moshi wa kuni mbichi, nguo zilizolowa mvua, kinyesi cha watu wengi. Elise akasugua viti kwa sabuni, harufu ikabaki. Mchana kweupe mlango wa kuume ukajifunga polepole, na springi za kiti zikalia kama mtu amekaa.

Akamwita Mama Mianda, mfukuza pepo. Mama yule akachungulia dirishani, akarudi nyuma.

"Mule muna mutu," akanong'ona. "Anangoja dereva, haiko wewe. Nimufukuze?"

"Kwanza nijue anataka nini."

Siku ya mashindano Elise akakaa kiti cha kuume.

"Mwanamke?" Mwamba akasema. "Bantu batanicheka."

"Kiti iko ya ndugu yangu. Ao unangoja arudi leo?"

Mwamba akawasha moteri.

Bendera ikashuka, 404 ikaruka katika vumbi jekundu, na kabla hawajafika kona ya kwanza mkono wa kushoto wa Elise ukaingia baridi, baridi ya maji ya kisima, ukapanda wenyewe kutoka mapajani mwake huku yeye akiuvuta kwa ule mwingine na kuita Bwana Yesu, ukampiga Mwamba makofi mawili, na Mwamba akakata kuume akilia "Hapana, hapana," akaacha njia ya mashindano na watu wakipiga kelele, akapita soko, akapita kanisa, kofi moja, makofi mawili, miguu yake ikitafuta breki na breki ikikataa, harufu ikijaa hadi machozi yakawatoka, mpaka mkono ukabonyeza.

Gari likasimama mbele ya gare, stesheni ya treni. Moteri ikapunguza sauti, ikanguruma chini chini.

"Elise, mwambie aniachilie!"

"Nani?"

"Kanyinda! Hatukufika Lubudi. Kwa barrage, pale banafunga njia, vijana banasema: toa Mukasai, ao tunachoma gari. Unajua namna tuliitengeneza hii gari..."

"Ukamutoa."

"Banasema banamuleta tu hapa, angoje treni. Treni haikukuja. Kuhara ikamuua. Banamuzika kando ya reli, na benzake."

"Na mi unaniacha ningoje barua."

Mwamba akakaza mikono kwenye usukani.

Baridi ikatoka mkononi mwa Elise, kidole kwa kidole, na harufu ikaondoka nayo. Kiti kikawa kiti tu. Mkono ukawa wake.

Mwamba hakujua. Alitazama mbele, jasho likimtiririka, paja likingoja kofi.

"Ameenda?" akanong'ona.

Upande wa kushoto, njia ndogo ilifuata reli hadi kwenye marundo ya udongo yasiyo na misalaba. Elise akainua mkono wake, ule ule wa kukaza nati, akampiga kofi moja pajani kwa nguvu zake zote.

Mwamba akakata kushoto.