Dobi Asiyeumwa

Jino la dobi liliacha kuuma mapema mno. Asubuhi daktari wa meno alikuwa amesafisha mzizi wake na kuuziba, akamwonya kwamba ganzi ikiisha angeumwa siku chache. Atumie vidonge, atafunie upande wa pili, na maumivu yangepungua taratibu. Jioni vidonge vilikuwa bado kwenye pakiti, naye anapiga pasi na mluzi kwa pamoja.

"Umemeza dawa?" mkewe aliuliza.

"Ya nini? Jino lenyewe limesahau kama ni jino."

Mke alicheka. Kisha akasikia harufu ya nyama inayoungua, akadhani ni jirani anapika, mpaka alipoona kiganja cha mumewe kimelala chini ya pasi, na mumewe akiikandamiza kwa mkono wa pili kama anayenyoosha kola, mluzi haujakatika.

Daktari alifunga jeraha, akamgonga jino, akamchoma vidole kwa sindano, akawarudisha nyumbani. Ndipo mke alipomwita shangazi wa dobi, mganga wa majini. Shangazi alinusa kinywa cha mwana wa kaka yake, akarudi nyuma. Alieleza kwamba jini amejilaza ndani ya lile jino, anakula kila maumivu ya mwenyeji wake. Akiachwa, dobi atajimaliza bila kujua.

"Nitamtoa," alinong'ona, "lakini maumivu yote yatarudi kwa mkupuo. Jini atasimama mlangoni akingoja huruma yenu. Mwanangu, mumeo hata akilia vipi, usimwombee nafuu. Ukiomba, umemkaribisha tena."

Moshi wa dawa ulipomfikia, dobi alitulia, kisha taya likamkaza, na sauti ikaanza kumtoka, kwanza nyembamba, halafu ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka akawa anaumwa jino na kiganja na kila tundu la sindano kwa wakati mmoja, akijipigiza ukutani na kumwita mkewe kwa jina la enzi za uchumba wao, na mke, mikono imeziba mdomo, akautazama mlango ambao haukuwa na mtu, ila pazia lake lilikuwa limebonyea kama limeegemewa na bega.

"Kidogo tu," shangazi alisema. "Anaondoka."

Pazia lilianza kunyooka.

"Mke wangu," dobi alisema, "unaniangalia tu nife?"

Mikono ilimwanguka mke. "Basi," akanong'ona. "Apoe, jamani. Apoe."

Kelele zikakatika. Shangazi akafumba macho, akaanza kukusanya vitu vyake. Dobi aliinuka, akajifuta jasho, akamshika mkewe shavuni kwa kiganja kilekile kibichi, bandeji ikining'inia, akakikandamiza.

"Unalia nini?" akamuuliza kwa upole. "Nani anaumwa?"