Kivuli Juu ya Satini

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, naye mshonaji alisimama katikati yao ameinua uso, kinywa wazi. Juu yake dari nzima ilikuwa imechimbiwa taa ndogo za mviringo, hazining'inii, wala waya hauonekani. Gauni lake la buluu alikuwa amejishonea mwenyewe, na lilimkaa sawasawa.

"Dada, ukiendelea hivyo shingo itakuomba likizo," alisema mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu. Alikuwa fundi umeme.

"Nyota nimeziona tangu utotoni," alijibu. "Za kununua ndiyo leo."

Fundi alicheka, na hapo hapo moyo ukamwenda mbio. Sioni haja ya kumfichia. Mshonaji alimweleza kwamba anataka kuacha kibanda chake cha sokoni, chenye vumbi na kelele, ahamishie cherehani chumba cha mbele nyumbani kwake. Fundi alimshauri achukue taa za mwanga mweupe, maana ule wa njano hudanganya rangi ya kitambaa. Mshonaji hakuwahi kumsikia mtu akiuheshimu mwanga kiasi hicho.

Akampa kazi ya kumwekea taa, na simu zikaanza. Asubuhi ilikuwa "Umeamkaje, malkia wa sindano?" Mchana aliulizwa vipimo vya chumba ambavyo fundi alikuwa navyo tayari. Siku ya kutoboa dari, unga mweupe wa jipsamu ya dari ulimjaa fundi nywele zote, mshonaji akampangusa huku akimwita babu. Penzi lilishawakolea, ila kila mmoja alijidai yuko kazini.

Fundi alipanga taa safu mbili zilizonyooka katikati ya dari. Alizima swichi kubwa, akaunganisha nyaya, akabana taa kwenye matundu yake, kisha akawasha. Mshonaji alishika mdomo. Chumba alichokifagia miaka yote kilikuwa kama hajawahi kukiingia.

Kesho yake alianza kukata gauni la harusi la mdogo wake. Meza ya kukatia ilikuwa ukutani, taa zote ziko mgongoni kwake, na kivuli chake mwenyewe kikalala juu ya satini. Mkasi ukapotea mstari. Satini haina msamaha, nguo ikaharibika.

Akampigia simu. "Umenipambia chumba, lakini hukunipa pa kufanyia kazi."

Fundi, kwa kiburi cha kuumizwa, alijibu kwamba alipopima hapakuwa na meza yoyote, naye si mpiga ramli. Simu ikakatwa. Zikapita siku za kununiana, huku mshonaji akifunga vitambaa vyake arudi kibandani. Alilia, na si kwa ajili ya chumba peke yake.

Siku ya kuhama, fundi alibisha hodi na ngazi begani.

"Nyinyi washonaji mnaanza na nini?" aliuliza.

"Tunampima mtu. Hata mtoto anajua."

"Mimi nilipima kuta. Nisamehe."

Mshonaji alikiri kwamba naye hakumwambia meza itakaa wapi, alikuwa amezubaa kumtazama. Fundi alimwomba akate kitambaa chochote, akaifuata mikono yake kwa macho, halafu akatia alama darini, juu ya meza, mbele ya mikono ile. Alihamisha taa, akaziba matundu ya zamani, akawasha.

Kivuli kiliondoka mezani, kikaanguka sakafuni nyuma yake. Kitambaa kiling'aa, kila uzi ukihesabika. Mshonaji aligeuzageuza viganja vyake polepole, kama mtu aliyepewa vingine.

"Mbona unavigeuza hivyo?" fundi aliuliza.

"Nastaajabu. Sijawahi kuiona mikono yangu hivi."

"Mimi nimeiona, na siwezi tena kukaa mbali nayo. Naomba nikuoe."

Mshonaji alitandaza satini mpya aliyonunua badala ya ile iliyoharibika, akaushika mkasi.

"La mdogo wangu kwanza," alisema. "Likiisha, naanza langu."

Fundi aliketi palepale kwenye kidato cha ngazi, akangoja.